Kumzoesha Paka Chanuo: Historia Fupi ya Mkono wa Binadamu na Manyoya ya Paka

Utangulizi

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikifundisha vitenzi vya Kiswahili katika shule moja ya huku Giteranyi, karibu na mpaka wa Burundi na Tanzania, niliandika ubaoni sentensi hii: "Asha anamchana paka nywele." Nilidhani nimetoa mfano mwepesi. Darasa likacheka. Mwanafunzi mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, paka hana nywele, ana manyoya." Wa pili akaongeza, "Tena paka hachanwi. Kinachochanwa ni karatasi."

Wote wawili walikuwa na haki. Nywele ni za kichwa cha mtu. Vinyweleo vya mwilini mwa mtu huitwa malaika. Mnyama kama paka ana manyoya, neno lile lile tulitumialo kwa ndege. Na kitenzi -chana kina maana mbili ambazo mwalimu hana budi kuzitenganisha: kupitisha chanuo, na kurarua. Nikasahihisha ubaoni: "Asha anamchana paka manyoya." Vicheko havikukoma, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa geni kwao kuliko sarufi yake.

Baada ya kipindi, msichana mmoja ambaye hakucheka alinifuata. Alisema, "Mwalimu, paka wa bibi alikufa kwa sababu hashikwi." Alinieleza kwamba paka huyo alilinda ghala la bibi yake kwa miaka mingi, akipewa mabaki ya chakula mlangoni, lakini hapakuwa na mtu aliyethubutu kumgusa. Alipata kidonda chini ya manyoya, shingoni. Hakuna aliyekiona mpaka kilipotoa harufu, na kufikia hapo mabuu walikwisha kuingia. Paka alikufa mwezi wa Desemba. Ilipofika Februari, wakati wa kupanda, bibi alifungua mfuko wa maharagwe ya mbegu akakuta panya wameacha maganda. Msimu ule walinunua mbegu kwa mkopo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo ndilo nitakalojaribu kulijibu katika makala haya: tangu lini binadamu ameruhusiwa kumgusa paka, na ruhusa hiyo ilipatikanaje?

Jina na methali

Yafaa tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Kirundi humwita paka akayabu, na wengi wao utuyabu. Neno hili limo katika ngeli ya vitu vidogo, na halikutokana na Kiswahili. Twajua kwamba Kirundi kilipokea maneno mengi kutoka kwa Waswahili, kama vile ishati, imeza, isahani na isabuni, yaliyokuja pamoja na vitu vyenyewe. Jina la paka halimo katika orodha hiyo. Jina peke yake si ushahidi wa kutosha wa historia ya mnyama, lakini latuonya tusiharakishe kusema kwamba kila kilichomo nyumbani kilibebwa na msafara kutoka pwani.

Neno paka nalo si la kuazima kutoka Uarabuni wala Uajemi. Mzizi wake ni wa Kibantu, na katika lugha kadhaa za jamii hiyo humtaja paka wa mwituni. Katika Kixhosa, impaka ni paka anayehusishwa na uchawi. Basi jina tunalomwita paka wa jikoni ni jina lililowahi kuwa la mnyama wa porini, naye hata leo hajasahau asili yake.

Methali zetu zamtambua hivyo. Husemwa kwamba paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi, kwa kuwa ana haki yake pale alipo. Lakini husemwa pia kwamba paka hakubali kulala chali. Aliyetunga methali hii alimtazama paka kwa makini. Tumbo ndilo mahali pa hatari kwa mnyama huyu. Anayemgeuza kwa nguvu atapata jibu la kucha nne kwa pamoja.

Wasomaji wengi wataikumbuka pia hadithi ya Sultani Majinuni, iliyomo katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Paka wa sultani anaanza kudhuru mifugo, watu wanalalamika, na sultani anajibu kwamba paka ni wake na mali ni yake. Mwisho paka anakuwa nunda, mla watu. Hadithi hii hufundishwa kama onyo kwa watawala. Nadhani yaweza kusomwa pia kama onyo kwa wafugaji: mnyama anayelindwa na kuogopwa, bila kuzoeshwa mkono wa mtu, huendelea kuwa mnyama wa mwitu ndani ya nyumba.

Paka alivyofika nyumbani

Ng'ombe, mbuzi na kondoo waliletwa nyumbani na watu waliowahitaji kwa nyama, maziwa na ngozi. Historia ya paka ni nyingine. Mwaka 2007 wataalamu wakiongozwa na Carlos Driscoll walitangaza matokeo ya uchunguzi wa nasaba za karibu paka 1,000, wa nyumbani na wa porini. Waliona kwamba paka wote wa nyumbani duniani wanatokana na aina moja ya paka-mwitu, ile ya Mashariki ya Karibu na Afrika. Ndugu wa aina hiyo wangaliko katika nyika za Afrika Mashariki hadi leo.

Sababu ya kukaribiana ilikuwa nafaka. Watu walipoanza kulima na kuweka akiba, yapata miaka 10,000 iliyopita, panya walifuata ghala, na paka wakafuata panya. Mkulima hakumwita paka. Aliacha tu kumfukuza. Wale paka waliovumilia harufu na sauti za watu walikula vizuri zaidi kuliko waoga, wakazaa, na watoto wao wakawa wavumilivu kuliko wazazi.

Ushahidi wa kwanza wa ukaribu uliopita ujirani ulipatikana katika kisiwa cha Kipro. Mwaka 2004 Jean-Denis Vigne na wenzake walieleza habari za kaburi la miaka 9,500 hivi, mahali paitwapo Shillourokambos. Karibu na mifupa ya mtu, kwa umbali wa chini ya nusu mita, palizikwa paka mzima wa umri wa miezi minane hivi. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili. Hivyo lazima mtu aliwapakia paka katika chombo na kuvuka nao bahari. Paka asiyeweza kushikwa hasafiri ndani ya ngalawa.

Misri ya kale iliendeleza uhusiano huo mpaka ukawa ibada, na mji wa Bubastis ukawa makao ya mungu wa kike Bastet aliyechorwa na kichwa cha paka. Herodotus, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 K.K., alisema kwamba paka akifa katika nyumba ya Mmisri, wote waliomo hunyoa nyusi zao. Ndipo historia ikageuka: watu walikatwa nywele zao kwa heshima ya manyoya ya mnyama.

Katika pwani yetu, bahari ilileta kazi na mfanyakazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliochunguza mifupa kutoka mahali 22 katika Afrika Mashariki, ulionyesha kwamba panya weusi na kuku kutoka Asia walifika baada ya katikati ya milenia ya kwanza B.K., wakati biashara ya majahazi ilipokua. Ghala la mfanyabiashara wa Unguja Ukuu lilimhitaji mlinzi kama lilivyomhitaji lile la bibi wa Giteranyi.

Dini nayo ilifungua mlango. Waislamu wa Muyinga, kama wale wa Ujiji na Lamu, wanajua mafundisho ya kwamba paka si najisi, na habari ya Abu Qatada aliyekiinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe. Wanajua pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala ruhusa ya kujitafutia. Jina la Abu Huraira lenyewe linatokana na neno la Kiarabu la paka mdogo. Mafundisho hayo mawili yakiwekwa pamoja yanatoa kanuni: paka anaweza kuingia chumbani na kugusa chombo, lakini asifungwe na kulazimishwa.

Kamba na subira

Je, paka-mwitu aliyekwisha kushikwa huzoeaje mkono? Mfano ulio karibu nasi umeandikwa na Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea aliyesafiri katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini kati ya miaka 1868 na 1871. Aliwakuta Wabongo wakikamata watoto wa paka-mwitu na kuwalea kati ya vibanda vyao, ambako walikua wakiwinda panya. Schweinfurth mwenyewe alijipatia paka kadhaa, akawafunga kwa siku chache mpaka ukali wao ukapungua, kisha usiku akawafunga kando ya mizigo yake ili panya wasiiguse.

Tukilinganisha njia hizo mbili twaona tofauti kubwa. Mgeni alitumia kamba, akapata mlinzi wa mizigo. Wenyeji walianza na mtoto wa paka, wakapata mwenzi wa nyumbani. Zaidi ya miaka 100 baadaye, sayansi ilithibitisha busara ya wenyeji. Katika miaka ya 1980 Eileen Karsh, wa Chuo Kikuu cha Temple huko Marekani, alionyesha kwamba kipindi cha kumzoesha paka watu huanza yapata juma la pili la maisha yake na kwisha karibu na juma la saba. Mtoto aliyeshikwa kwa upole katika majuma hayo humkaribia mtu maisha yake yote. Tena aliyeshikwa dakika 40 kwa siku alizidi kwa upole yule aliyeshikwa dakika 15. Aliyekosa kipindi hicho huweza kuzoea baadaye, lakini polepole na kwa mtu mmoja mmoja.

Pwani ya Kenya inao mfano wake pia. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyeishi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, aliona katika shamba la minazi watoto wa paka wenye madoa kama gome la mti. Wagiriama waliwajua paka hao tangu zamani na kuwaita kadzonzo. Slater aliwachukua wawili akawalea, wakazoea nyumba. Mwaka 1984 baadhi ya wazao wao walipelekwa Denmark na Gloria Moeldrup, na leo aina hiyo yajulikana ulimwenguni kwa jina la Sokoke. Tuzingatie kwamba hapa pia mwanzo ulikuwa watoto wachanga na mikono, wala haukuwa mtego.

Brashi ilivyoanza

Kwa maelfu ya miaka hakuna aliyehitaji kumchana paka, maana paka ana chanuo lake kinywani. Ulimi wake umejaa vijimiba vigumu vilivyoelekea nyuma. Ndivyo vinavyochukua mate na kuyafikisha hadi kwenye ngozi, na kuondoa manyoya yaliyokufa. Mguso wa kwanza anaoujua mtoto wa paka, kabla hajafumbua macho, ni ulimi wa mama yake. Mkono unaopita taratibu kutoka kichwani kuelekea mgongoni unamkumbusha mguso huo.

Brashi ililetwa na manyoya marefu. Katika karne ya 17 Pietro della Valle, msafiri wa Italia, aliandika habari za paka wa Uajemi wenye manyoya marefu kama hariri. Paka wa namna hiyo hawezi kujitunza peke yake. Manyoya hujifunga mafundo, na mafundo huivuta ngozi na kuiumiza. Kisha tarehe 13 Julai 1871 Harrison Weir aliandaa maonyesho makubwa ya paka katika Crystal Palace mjini London. Baada ya hapo kumpiga paka brashi kukawa kazi ya kawaida katika nyumba za Ulaya.

Paka wa Afrika Mashariki ana manyoya mafupi yaliyolala. Ndiyo maana wazee wetu hawakumtengenezea chanuo. Isifikiriwe kwamba hawakujua kutunza manyoya ya mnyama. Mfugaji wa Burundi alimpa ng'ombe wake jina, akamsifu kwa mashairi, akamtoa kupe kwa vidole. Ng'ombe alishikwa kila siku kwa sababu alihesabiwa kuwa utajiri. Paka hakushikwa kwa sababu hakuna aliyemhesabu. Ila bibi wa mwanafunzi wangu alikuja kumhesabu, mwezi wa Februari, kwa thamani ya mfuko wa maharagwe.

Kwa hiyo faida ya chanuo kwetu haiko katika urembo. Anayemchana paka wake mara moja au mbili kwa juma huona kiroboto, kupe, jipu na kidonda mapema, wakati maji ya chumvi au dawa ya daktari wa mifugo ingali yafaa.

Njia ya kumzoesha

Historia hiyo yote yaweza kufupishwa katika hatua chache ambazo nimezijaribu mwenyewe.

Kwanza, mngoje. Keti chini karibu na mahali anapokula, bila kumkazia macho. Akikaribia, mnyoshee kidole anuse. Akisugua shavu kwenye kidole, amekubali. Paka ana tezi za harufu mashavuni, na kwa kusugua hukutia alama kuwa wa nyumba yake.

Pili, anza pale anapopenda: mashavu, kidevu, na katikati ya masikio. Pitisha mkono mara tatu, kisha uondoe. Mwalimu mwema hukatiza somo darasa likingali na hamu. Usianze na tumbo, mkia wala miguu. Tumekwisha kuikumbuka methali ya kulala chali.

Tatu, mwonyeshe kifaa kabla ya kukitumia. Weka brashi laini au chanuo la meno mapana kando ya chakula chake kwa siku kadhaa, alinuse. Siku ya kwanza ya kumchana, mpitishie mara moja tu shavuni, kisha mpe dagaa mmoja. Kesho mara mbili. Haba na haba hujaza kibaba. Fuata mlalo wa manyoya, wala usiende kinyume chake.

Nne, soma mwili wake kama usomavyo uso wa mwanafunzi. Mkia ukianza kupigapiga, masikio yakilala nyuma, ngozi ya mgongo ikitetemeka, acha mara moja. Anayeendelea kwa kudhani kwamba "atazoea tu" anabomoa kazi ya juma zima. Wala usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: usimbembeleze kwa dagaa ili umnase na kumtosa katika beseni la maji. Paka hukumbuka hila.

Hapana budi kuongeza tahadhari moja. Paka usiyemjua, au anayeonekana mgonjwa, asiguswe na watoto, kwa kuwa kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Aliyeumwa au kupapurwa na aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kuchelewa.

Hitimisho

Tumeona basi kwamba mkono wa binadamu ulimfikia paka kwa ruhusa yake, kwanza ghalani, kisha chomboni, kisha chumbani, na brashi ilikuja mwisho kabisa. Lugha yetu inayo maneno ya kutosha kuieleza safari hiyo: kufuga, kuzoesha, kupapasa, kubembeleza, kuchana. Nashauri walimu wenzangu wayafundishe kwa pamoja, kwa mpangilio huo huo.

Bibi yule alipata paka mwingine, mtoto wa majuma matano, kutoka kwa jirani aliyekuwa karibu kuwatupa. Nilipomtembelea na kumwamkia, alikuwa ameketi mlangoni, paka mapajani, na mkononi chanuo la mjukuu wake lililopungua meno mawili. Nikamwuliza kama paka amekwisha kuzoea. Alinijibu, "Mwalimu, huyu alizoea siku nyingi. Mimi ndiye ninayezoea." Kisha akafunua manyoya ya shingoni kwa kidole gumba, akaangalia, akaendelea kuchana.